Siku Mbili Mwanza na Mchezo wa Bujora

Ndugu zangu tuliomaliza, na ninyi wanafunzi mliopo sasa, sisi darasani tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona jukwaa. Mimi niliamini kuwa mchezo si mchezo mpaka uwe na pazia. Juni 1982, nikiwa kidato cha tatu, baba yangu mdogo, mchimbaji mdogo wa dhahabu pale Rwamgasa, alipata gramu chache akaniambia, "Jiandae, twende Mwanza ukaone mchezo."

Tulipita Geita na Sengerema, tukavuka kwa kivuko kutoka Busisi hadi Kigongo. Mjini tulilala usiku mmoja. Nakumbuka sato wa kukaanga tu. Asubuhi tulikwenda Bujora, karibu na Kisesa. Padre David Clement, Mkanada, aliyeanzisha kituo hicho miaka ya 1950, aliziingiza ngoma za Wasukuma katika sikukuu ya Ekaristi iitwayo Bulabo, yaani maua.

Lakini mashindano yenyewe ni ya kale kuliko misheni. Kuna vyama viwili: Bagika, wafuasi wa Ngika, na Bagalu, wafuasi wa Gumha, waganga walioshindania nani mwenye dawa kali zaidi. Kwa desturi vikundi viwili hucheza wakati mmoja, viwanja vikiwa jirani, na upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Ndiyo maana manju hutafuta kila kituko: majembe ya bugobogobo kurushwa juu na kudakwa, chatu shingoni, na dawa ya kuvuta watu. Miguu ya mtazamaji ndiyo kura yake. Niambieni, ni ukumbi gani wenye pazia unaomthamini mtazamaji kiasi hicho?

Baba mdogo alikuwa Mgalu tangu ujana wake. Nami, chatu alipotolewa upande wa pili, nilikimbilia huko pamoja na vijana wengine. Nilipogeuka nilimwona amesimama palepale na watu wachache, akipiga makofi kwa nguvu kana kwamba anataka kuliziba pengo langu.

Hakunisemesha njia nzima. Tangu Juni 2025 pale kuna daraja, na watu huvuka kwa dakika chache. Siku ile tulikingoja kivuko tangu adhuhuri hadi jua likapoa, na kimya kikamshinda.

"Mwanangu," akasema, huku akitazama maji, "huyo chatu mwenyewe alikuwa mkubwa?"