Kutoka Nyumba ya Chama hadi Kilimani: Wahitimu wa Dar es Salaam na Simulizi ya Mwanzo wa Chuo Chao

Insha hii inachunguza namna wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanavyosimulia kuanzishwa kwa chuo chao, na thamani ya simulizi hizo kwa mwanahistoria. Hoja yake ni kwamba wahitimu huuweka mwanzo wa chuo mwaka 1961, ilhali mapokeo wanayojivunia, yaani mijadala, msimamo wa kisiasa na utumishi kwa taifa, yalichipuka baadaye, katika ugomvi wa mwaka 1966 na yaliyoufuata. Mtafiti asiyetenganisha mianzo hiyo miwili atachukua simulizi ya sherehe na kuifanya historia.

Simulizi yenyewe ni fupi na husemwa karibu kwa maneno yale yale. Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa katika jengo la TANU, kwenye mtaa unaojulikana leo kwa jina la Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi walikuwa 13; wengine husema 14. Tofauti hiyo ya mtu mmoja imedumu hata katika maandishi ya chuo, na haielekei kumsumbua msimuliaji yeyote. Idadi hapa inafanya kazi ile ile inayofanywa na majahazi saba ya Washirazi katika hadithi ya Kilwa: inaonyesha kwamba wenyeji wa mwanzo walikuwa wachache, wanaojulikana, na kwamba wote waliofuata ni uzao wao. Katika simulizi ya asili, uchache wa waasisi ndiyo heshima ya ukoo.

Jengo nalo lina maana yake. Chama kilichokuwa kikijiandaa kushika dola kilikitolea chuo nafasi ndani ya nyumba yake, na wahitimu hulitaja jambo hilo kama ushahidi kwamba chuo ni mtoto wa uhuru. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mkuu wa kwanza wa chuo, Cranford Pratt, alikuwa Mkanada, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria, A. B. Weston, alitoka Australia, na mitihani ilisimamiwa chini ya mamlaka ya London. Mtoto wa uhuru alilelewa na walezi wengi. Uchaguzi wa sheria pia ulitokana na hesabu ya Afrika Mashariki nzima: Makerere ilikuwa na tiba, Nairobi ilikuwa na uhandisi, na wanasheria Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, kitivo cha Dar es Salaam kikawa cha nchi zote tatu. Kwa hiyo wako wanasheria wa Kenya na Uganda ambao simulizi hii ni yao pia, ingawa wasimuliaji wa Tanzania huwasahau upesi.

Chuo kilihamia kilimani mwaka 1964, kikapata jina la Mlimani ambalo wahitimu hulitumia kuliko jina rasmi. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria, baada ya kile cha Afrika Mashariki kuvunjwa. Ziko basi tarehe tatu za kuzaliwa. Jubilei ya dhahabu iliadhimishwa mwaka 2011, na hivyo hesabu rasmi ikafungwa kwenye nyumba ya chama.

Tukio ambalo sherehe hulipita haraka ni la Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu wajiunge kwa lazima na Jeshi la Kujenga Taifa, na kwamba kwa muda fulani wapokee sehemu tu ya mshahara wao. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, na miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililodai kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa ghadhabu, akatangaza kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno na kwamba wake yeye ataupunguza kwa asilimia 20. Kisha wanafunzi 393, wengi wao wa Chuo Kikuu Kishiriki, wakarudishwa makwao. Wengi wa wanafunzi wa chuo waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo chuo kilipoasisiwa mara ya pili. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi Machi mkutano ukafanyika Mlimani kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Swali la mkutano huo, kwamba msomi ni wa nani na anamtumikia nani, ndilo lililozaa masomo ya lazima kwa wanafunzi wote ambayo baadaye yaliitwa Taaluma za Maendeleo. Mwaka huo huo wanafunzi wa mrengo wa kushoto waliunda USARF, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wake. Walter Rodney alifundisha hapo mwaka 1966 hadi 1967, akarudi mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Novemba 1969 jarida la Cheche lilianza kutoka, na mwaka mmoja baadaye likapigwa marufuku pamoja na USARF yenyewe.

Cheche inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ni mfano adimu wa wahitimu waliojiandikia historia yao kwa kina. Karim Hirji, mmoja wa wahariri wake, alikusanya kumbukumbu zake na za wenzake katika kitabu kilichochapishwa na Mkuki na Nyota. Faida yake ni kwamba hakioni aibu kusimulia mabishano: serikali iliyohubiri ujamaa ililifunga jarida la wajamaa. Msomaji aliyezoea hotuba za jubilei atakuta humo chuo tofauti kabisa, chenye wanafunzi wanaobishana na wakubwa na pia wao kwa wao. Hata hivyo, kitabu cha aina hiyo hubeba sauti ya kundi dogo lililoshika kalamu. Wanafunzi wengi wa zama hizo hawakuandika jarida lolote.

Jambo la kushangaza ni hatima ya JKT katika kumbukumbu. Kile ambacho wanafunzi wa 1966 walikipinga hadi wakafukuzwa, vizazi vilivyofuata wakakifanya fahari. Mhitimu wa miaka ya 1970 na 1980 husimulia kambi, jembe na kwata kama sehemu ya kuhitimu kwake, na alipositishiwa mdogo wake mafunzo hayo mwaka 1994 aliona kizazi kinapungukiwa na kitu. Mapokeo yalitoka katika amri. Kwamba amri hiyo iliwahi kukataliwa na wasomi wenyewe, mara nyingi hakusemwi.

Lipo pia pokeo ambalo wahitimu wa kiume hulisimulia kwa kicheko na wa kike hulinyamazia. Kwa miaka mingi, maandishi na michoro isiyo na jina la mwandishi ilibandikwa ukutani kwa sahihi ya Mzee Punch. Ilianza, kama wanavyosema watetezi wake, kwa kuwakejeli wakubwa. Ikaishia kuwaandama wanafunzi wa kike, hasa wale waliokataa matakwa ya wanaume. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kusumbuliwa na wenzake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kililichukua suala hilo na kulifikisha kwa umma, na Punch ikapigwa marufuku. Kuiita Punch utani wa vijana, kama inavyofanywa bado katika mikusanyiko ya wahitimu, ni kuyasimulia mapokeo kutoka upande wa aliyeshika karatasi na gundi.

Kimya hicho kina athari kwa utafiti. Simulizi za wahitimu zilizokwisha kuchapishwa zimeandikwa zaidi na wanaume, zaidi kwa Kiingereza, na zaidi na waliopata vyeo baadaye. Hayo yote yamo katika chuo ambacho Idara yake ya Kiswahili ilianza kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1970. Wahitimu wa kike wa miaka ya 1980 wako hai, wengi wao wanastaafu sasa, na simulizi yao ya Mlimani inaweza kurekodiwa kwa lugha waliyoitumia mabwenini walipokuwa wakionyana asubuhi nani ameandikwa ukutani.