Pombe za pwani ya Kilwa: Tembo, uraka na bia ya kiwandani

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa mjini akisikia neno tembo humfikiria mnyama mwenye pembe. Kwa wazee wa pwani, wakiwamo wa Pande wilayani Kilwa, mnyama huyo ni ndovu, na tembo ni kinywaji kigemwacho mnazini.

Kinywaji hicho ni cha kale kuliko bia yoyote ya chupa iliyopata kuuzwa nchini. Mgema hukwea mnazi asubuhi na jioni, hulifunga kwa kamba karara changa ambalo halijapasuka, hukata ncha yake kwa kisu kilichopinda kiitwacho kotama, kisha hutundika chombo cha kukinga utomvu. Kila akweapo huichonga tena ncha hiyo kidogo ili utomvu usikauke.

Ukiteremshwa punde, utomvu huo ni tembo tamu. Chachu ya asili huanza kazi mara moja, na baada ya saa chache kileo hufikia takriban asilimia 4 hadi 5, karibu sawa na bia. Likilala huwa tembo kali, na hatimaye siki. Hata katika nyumba ambazo pombe hainyweki kwa sababu za dini, na pwani hii ni ya Waislamu wengi, tembo lilijulikana jikoni kama hamira ya mikate.

Tembo lina gharama isiyoonekana kilabuni. Karara lililogemwa halizai nazi, hivyo mwenye minazi michache hana budi kuchagua kati ya fedha ya leo na nazi za baadaye. Uchaguzi huo umekuwa mgumu zaidi kwa kuwa ugonjwa wa kunyong'onyea umeangamiza minazi mingi nchini, hasa ukanda wa kusini.

Kileo kingine cha Lindi na Mtwara hutokana na mkorosho, mti wa Brazil ulioletwa na Wareno karne ya 16. Msimu wa korosho, mabibo hukamuliwa na maji yake kuachwa yachachuke, yakawa uraka. Uraka ukichemshwa na mvuke wake kupozwa, hupatikana gongo.

Hapo ndipo mpishi hukutana na dola. Sheria ya mwaka 1966 inayohusu pombe hiyo, ambayo kisheria huitwa moshi, inakataza kuitengeneza bila leseni. Hofu iliyopo si ya kodi peke yake. Mwaka 2000 jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya kunywa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli, kemikali inayopofusha na kuua.

Bia ya kiwandani ilipita njia nyingine. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Dar es Salaam ilikuwa na kiwanda cha Mjerumani Schultz. Miaka ya 1930 ikaanzishwa Tanganyika Breweries, ambayo muda si mrefu ilinunuliwa na kampuni ya Kenya yenye bia ya Tusker, jina linalohusishwa na ndovu aliyemuua mmoja wa waasisi wake mwaka 1923. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kiwanda kikaingia mikononi mwa umma, na wanywaji wa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi bia ilivyokuwa adimu. Mwaka 1993 Serikali iliingia ubia na South African Breweries. Mwaka 1998 hisa za TBL zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Serengeti ilikuja kuwa mshindani wake mkuu.

Bia hizo zinafika Kilwa pia, lakini bei yake ni mzigo kwa mtu wa kipato kidogo. Pombe kali za viroba, zilizokuwa kimbilio la wengi, zilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Kwa mnywaji wa kijijini zilizobaki ni tembo, uraka na, kwa kujificha, gongo.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, mkoani Mtwara, kimekuwa kikifundisha namna ya kusindika mabibo kuwa juisi, jemu na mvinyo, bidhaa ambazo mkulima anaweza kuziuza hadharani. Hata hivyo, kila msimu mabibo mengi bado huozea chini ya mikorosho baada ya korosho kunyofolewa.