Mashimo Kumi na Manane ya St Andrews na Upepo Wake

Mwaka 1457 Baraza la Uskoti, katika enzi ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku mchezo wa gofu pamoja na mpira wa miguu, kwa hoja kwamba vijana waliopaswa kujizoeza kufuma mishale kwa ulinzi wa nchi walikuwa wakizimaliza nguvu zao katika anasa. Na marufuku hiyo ilipolazimu kukaririwa mwaka 1471, na mara ya tatu mwaka 1491, ilidhihirika kwamba raia wameisikia amri lakini hawakuitii. Naye Mfalme James wa Nne, ambaye marufuku ya mwisho ilitolewa katika enzi yake, alinunua fimbo za gofu kwa fundi wa pinde wa mji wa Perth mwaka 1502, na tangu hapo ikawa taabu kumlaumu mtu wa kawaida kwa kosa ambalo mfalme wake amelihalalisha kwa mkono wake mwenyewe.

Miongoni mwa mahali palipoukumbatia mchezo huu hapana palipopata sifa kuliko St Andrews, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Fife. Ardhi yake ya kuchezea ni ukanda wa mchanga na nyasi fupi baina ya mashamba na bahari, usiofaa kwa jembe, wenye vilima na mabonde madogo, na vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia muhuri hati iliyowathibitishia watu wa mji haki ya kucheza gofu katika ardhi hiyo, hali yeye akibaki na ruhusa ya kufuga sungura humo. Sungura hao walikuja kuwa fitina kubwa, kwani mji ulipofilisika mwaka 1797 ardhi iliuzwa, na wafanyabiashara walioipata waliwafuga kwa wingi hata mashimo ya wanyama yakashindana na mashimo ya gofu. Ugomvi huo haukutulia mpaka mwaka 1821, James Cheape wa Strathtyrum alipoinunua ardhi na kuisalimisha kwa wachezaji.

Hapana mhandisi aliyeketi na kalamu akauchora Uwanja wa Kale, kama uitwavyo uwanja huo wa St Andrews. Wenyeji husimulia kwamba hata mahandaki ya mchanga, ambayo leo humtia hofu mchezaji, yalianza kwa kondoo waliojichimbia mabonde wapate kujikinga na upepo. Zamani mashimo yalikuwa kumi na mawili tu, na kumi kati yake yalichezwa mara mbili, kwenda na kurudi, jumla ishirini na mbili. Mwaka 1764 mashimo manne ya mwanzo yaliunganishwa yakawa mawili, jumla ikashuka hadi kumi na nane, na idadi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa sheria ya ulimwengu mzima. Kwa kuwa waendao na warudio walilenga shimo moja, ugomvi ulizidi kadiri wachezaji walivyozidi, ikabidi grini nyingi, yaani nyuga za nyasi laini ambamo mashimo yamechimbwa, zipanuliwe zipate kubeba mashimo mawili mawili. Hivyo hata leo zipo grini saba za shirika, na ukijumlisha namba za mashimo ya kila grini, la pili na la kumi na sita, la tatu na la kumi na tano, hadi la nane na la kumi, jibu ni kumi na nane daima.

Upana huo ndio siri ya kuucheza uwanja huu penye upepo. Katika viwanja vingine mchezaji huonyeshwa njia moja akalazimika kuifuata. Hapa njia ni nyingi, na iliyo bora leo asubuhi huweza kuwa ya maangamizi alasiri. Aghalabu upepo huvuma kutoka magharibi na kusini-magharibi, nao uwanja huelekea kaskazini-magharibi hadi mdomo wa mto Eden, ukajikunja pale kama ndoano, kisha ukarejea mjini. Kwa hiyo mwenye kuyajua mambo hupima upepo kabla ya kuchagua fimbo, kama nahodha apimavyo kabla ya kutweka tanga, akajua kwamba katika kwenda atakuwa na upepo wa omo ukimsukuma kutoka kushoto, na katika kurudi atakuwa na upepo wa tezi ukimjia kutoka kulia. Nao ukigeuka, hesabu yote haina budi kugeuka pamoja nao.

Shimo la kwanza lina njia pana kupita zote, kwa sababu limeungana na la mwisho, wala halina handaki hata moja. Lakini mbele kabisa ya grini hupita kijito cha Swilcan, chembamba kiasi cha mtu kuweza kukiruka. Upepo ukiwa wa omo, mpira uliopigwa juu husimama hewani, ukaanguka majini. Dawa yake ni kuchukua fimbo ndefu kuliko ile ambayo macho yanaipendekeza na kupiga kwa utulivu, kwani afadhali kuivuka grini kuliko kuukosa ukingo wake kwa shibiri moja.

Kutoka la pili hadi la sita fundisho ni lile lile: kulia mna vichaka vya miiba, kushoto mna nafasi, na upepo husukuma kuelekea miibani. Mwenye hadhari hulenga kushoto, akakubali kwamba pigo lake la pili litakuwa na pembe ngumu zaidi, maana mahandaki mengi yamekaa upande huo kuilinda grini. La tano ni refu, na grini yake inayoshirikiana na la kumi na tatu ina urefu wa karibu yadi 100, hata mtu huweza kuifikia kwa mapigo mawili na bado akabakiwa na safari. La saba hupinda kulia kuelekea Eden, na njia yake hukatana na ya la kumi na moja. La nane ni fupi. La tisa na la kumi ni tambarare, nayo hutoa fursa ya kurejesha kilichopotea.

Bali la kumi na moja halina msamaha. Urefu wake ni yadi 174 tu, na mchezaji huiona bendera waziwazi, nyuma yake maji ya Eden. Kushoto lipo handaki la Hill, mbele upande wa kulia lipo la Strath, na grini yenyewe imeinama kwa nguvu kutoka nyuma kuja mbele. Upepo wa omo ukimlazimisha mtu kupiga kwa nguvu, akapitiliza, atalazimika kuusukuma mpira wake kuteremka mteremko ambao haukubali kusimama. Mwaka 1921 kijana Mmarekani, Bobby Jones, aliingia katika handaki la Hill wakati wa mashindano ya wazi ya Uingereza, akakata tamaa na kuyaacha mashindano. Alirudi mwaka 1927 akayashinda mashindano hayo hayo katika uwanja huo huo, na mwaka 1958 watu wa mji wakampa uraia wa heshima. Ama alichojifunza baina ya nyakati hizo kilikuwa zaidi subira kuliko ufundi.

Katika la kumi na mbili historia imejificha ardhini. Mchezaji haoni handaki lolote mbele yake, hupiga kwa furaha, kisha huukuta mpira wake mchangani. Sababu ni kwamba zamani uwanja ulichezwa pia kinyume cha mwendo wa leo, na mahandaki hayo huonekana barabara na ajaye kutoka upande wa pili. Jawabu ni kupiga pigo fupi kabla ya mahandaki au kuyavuka yote kwa msaada wa upepo, na la kumi na tatu, lenye mahandaki yaitwayo Majeneza, lataka hadhari kama hiyo.

La kumi na nne ni refu kuliko yote, lina ukuta kulia na mahandaki ya Beardies kushoto. Kwa kuwa upepo hutoka kulia, mjuzi huuelekeza mpira karibu na ukuta ili upepo uurejeshe kati. Na baada ya hapo humngoja Jahanamu, handaki kubwa lenye ukuta wa mchanga uliosimama wima, ambamo Jack Nicklaus mwenyewe alinaswa mwaka 1995 akamaliza shimo kwa mapigo kumi. La kumi na tano lapita kwa amani, na katika la kumi na sita mwenye busara hupita kushoto ya mahandaki yaitwayo Pua ya Mkuu wa Chuo, kwani kulia ilipita reli ya zamani na mpira uliovuka mpaka huo umepotea. La kumi na saba lina handaki mbele ya grini na barabara nyuma yake: mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani, mpira wake ukiwa tayari kwenye grini, aliusukuma ukateremkia handakini, akaandika tisa. Waliotangulia wamekubaliana kwamba pigo la pili liachwe fupi, upande wa kulia, na kiburi kiachwe nyumbani. La mwisho ni jepesi, illa Bonde la Dhambi lililo mbele ya grini huurudisha mpira wa mwenye woga.

Mipira ya zama hizi huruka mbali kuliko ile ya manyoya iliyotumiwa hadi katikati ya karne ya kumi na tisa, na wengi walidhani uwanja umekwisha kushindwa. Mwaka 2010, katika mashindano ya wazi ya Uingereza yaliyochezwa hapa, Rory McIlroy alimaliza siku ya kwanza kwa mapigo 63. Siku ya pili upepo ukavuma, akarudi na 80. Mwaka 2015 mchezo wa Jumamosi ulisimamishwa kwa muda wa zaidi ya saa 10, kwa kuwa mipira ilikuwa ikitembea yenyewe juu ya grini kwa nguvu ya upepo, na mashindano yakamalizika Jumatatu. Kwa hiyo wachezaji wageni, pamoja na vipimo vyao vya kila namna, wangali wakiwaajiri makedi, yaani wabeba fimbo, wa mji huo, watu waliolelewa katika upepo ule, nao hutii wanapoambiwa kwamba shimo lililoandikwa yadi 174 lataka leo fimbo ya yadi 200, na kesho huenda likataka ya 150.