Mashine ni ya nani? Kisa cha umeme wa Matembwe

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi. Ni majaribio tu, na asaimenti zilizofuatana kama siafu. Leo Jumamosi nimefua, nimekula wali maharage, sasa nina nafasi ya kuandika jambo lililonikaa kichwani tangu Jumatano.

Jumatano kwenye semina tuliulizwa: je, akili mnemba itamwondoa mwalimu darasani? Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 swali hili haliishi. Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akasema, "Sisi tunasomea kazi ambayo tukimaliza haitakuwepo." Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha wasiwasi. Maana hata bila hiyo akili mnemba, mtu anamaliza ualimu anakaa nyumbani miaka akisubiri ajira. Mimi sikuchangia kitu. Nilikuwa nawaza kwetu Matembwe, kwa sababu kule mashine zilishaingia zamani, na majibu yake nimeyaona kwenye familia yangu mwenyewe.

Kwa wasiopajua: ukitoka Makambako unapanda mpaka Njombe mjini, kisha unageukia mashariki, upande wa Lupembe. Ni kwenye chai, misitu ya mipaina, mvua na baridi ya kukufanya ulale na sweta. Zamani tulikuwa mkoa wa Iringa, Njombe ikawa mkoa mwaka 2012. Sasa kijiji hiki cha wakulima kilipata umeme katikati ya miaka ya 1980! Yaani miaka ambayo mijini kwenyewe kuna watu waliokuwa wanasomea koroboi. Haukuletwa na gridi. Maji ya mto yalikingwa, yakapelekwa kwenye mtambo mdogo wa chini ya kilowati 200, ukawasha Matembwe na majirani zetu wa Image. Waliosaidia kujenga ni shirika la CEFA kutoka Bologna, Italia. Lakini jambo la kuangalia hapa ni hili: mradi ulikabidhiwa kampuni, Matembwe Village Company, na kijiji chenyewe kikawa miongoni mwa wenye hisa.

Likizo iliyopita nilimkalisha bibi jikoni animwagie historia. Nikaanza na "kamwene, bibi", akajua tu leo mjukuu ana shida. Nikamuuliza umeme ulipokuja ulimwondolea kazi gani. Akasema kutwanga. Kabla ya mashine, unga wa ugali wa familia ulitoka kwenye kinu, na kinu kilikula nusu ya siku ya mwanamke. Asiyetwanga alijitwika debe kichwani akaenda mbali kwenye mashine ya dizeli, na akifika akute dizeli imeisha, anarudi na mahindi yake. Umeme wa maji ulimaliza hayo.

Nikasema basi bibi, ukapumzika. Akanicheka! "Kinu hakikudai hela, mjukuu wangu. Mashine inadai."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sijakiona kwenye vitini vyetu. Mashine ya kusaga ilimpunguzia bibi kazi ya mikono, ikamwongezea kazi ya kutafuta fedha. Angeitoa wapi? Jibu lilitoka kwenye umeme uleule. Ile kampuni haikuishia kuwasha taa, ilitumia umeme kuendesha mashine za kutotolesha vifaranga na kutengeneza chakula cha mifugo. Mpaka leo vifaranga vya Matembwe vinajulikana Nyanda za Juu Kusini. Bibi akanunua vifaranga, akafuga, akauza mayai, na hela ya mayai ikalipa kusaga na madaftari ya watoto wake. Vijana wa kijijini nao walipata kazi ambazo hazikuwahi kuwepo: kulinda mtambo, kufunga nyaya, kusoma mita, kuhudumia vifaranga. Baadaye, miaka ya 2000, ukajengwa mtambo mwingine kule Ikondo, nao ukaja kupanuliwa ukapita kilowati 400.

Nisiwadanganye lakini, haikuwa pepo. Nguzo ilipita mbele ya nyumba ya mtu asiye na hela ya kuvuta waya, akaendelea na koroboi lake huku akiangalia taa ya jirani. Bibi mwenyewe anasema alikaa hivyo miaka kadhaa.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mjomba wangu alikuwa mchana mbao. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: gogo linawekwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu, mwenzake chini, wanavuta msumeno mrefu kwenda na kurudi, wa chini macho yamejaa vumbi. Kazi ngumu, ila ilikuwa na heshima na ujuzi. Mchanaji mzuri aliitwa kutoka vijiji vya mbali. Halafu zikaja zile mashine tunazoziita dingdong. Kinachowachukua watu wawili wiki nzima, dingdong inakimaliza mchana mmoja. Mashine hizo zilikuja na wenyewe kutoka nje, pamoja na mafundi wao. Hakuna aliyemwita mjomba amfundishe kunoa lile jino la duara. Akaishia kubeba mbao kichwani kutoka porini hadi barabarani, akilipwa kwa ubao. Na ndizo hela zilizonilipia mimi sekondari, kwa hiyo sizidharau hata kidogo. Lakini fundi amekuwa kuli, na shingo yake inamuuma mpaka leo.

Familia moja, kijiji kimoja, mashine mbili. Moja ilimwinua bibi, nyingine ikamshusha mjomba. Tofauti haikuwa kwenye chuma.

Nikarudi kwenye historia ya nchi nikaona mambo yaleyale. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa kutumia redio. Redio wakati ule ndiyo ilikuwa teknolojia ya kufundishia, sauti moja inafika nchi nzima. Je, ilimwondoa mwalimu? Hapana. Walifundishwa viongozi wa vikundi kama 75,000, na watu wapatao milioni 2 wakakaa chini kusikiliza, kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mashine moja ilihitaji walimu 75,000! Mwaka uliofuata, 1974, nchi ikafanya kinyume: ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya mradi wa kuzitumia kwenye hesabu za serikali kuvurugika na kula fedha. Ukali ulilegezwa kidogo kidogo miaka iliyofuata. Hasira yao naielewa. Ila kompyuta zilikuja tu hatimaye, na sisi tukazipokea tukiwa nyuma, tukinunua ujuzi kwa wengine. Ukiifungia mashine mlango, inakuja kuingia siku ambayo hujajiandaa.

Kwa hiyo yule jamaa wa viti vya nyuma leo ningemjibu hivi. Hatari yetu si kwamba mashine itajua kufundisha. Hatari ni sisi walimu kuwa kama mjomba: mashine iingie darasani na mwenyewe, na fundi wake, na masharti yake, sisi tubaki wa kubeba madaftari na kusimamia mtihani. Dawa ni kujua inavyofanya kazi, kuitengenezea masomo kwa Kiswahili na kwa mtoto wa Lupembe, na kudai tuwe na sauti inapoletwa. Kijiji cha wakulima kiliweza kuwa na hisa kwenye mtambo wa umeme, wasomi wazima tunashindwaje?

Nilimpigia mjomba simu juzi nikamweleza hofu yangu. Akasikiliza, akauliza, "Sasa mjomba, hiyo mashine ya kufundisha, kuinoa umeshajua?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi anza na hapo."

Jumatatu naenda kujiandikisha yale mafunzo ya kompyuta ya jioni ambayo nimekuwa nikiyakwepa tangu mwaka wa kwanza. Nani anakuja? Tukae viti vya mbele safari hii. Haya, naenda kumalizia asaimenti ya saikolojia. Wikiendi njema wapendwa!