Roho, Nafsi na Atma: Tatizo la Istilahi Kutoka Uhindini

Makala haya yametokana na barua ya rambirambi. Ofisi moja katika eneo la Magogoni, Dar es Salaam, ilifiwa na mhasibu wake mstaafu aliyekuwa Mhindu, na karani aliyeandika barua aliimalizia kama tumaliziavyo sote: Mwenyezi Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Baada ya maiti kuchomwa kwa desturi ya dini yake, mwana wa marehemu alifika ofisini kutoa shukrani. Alishukuru kwa adabu, kisha akauliza: "Ndugu yangu, mbona mzee mmemlaza, naye yumo safarini?" Karani hakuwa na jibu. Alilileta swali lile kwenye meza yetu ya istilahi, nami nikamjibu haraka kuliko ilivyonipasa. Nilimwambia aondoe "ailaze" na aandike "roho yake irejee kwa Muumba wake". Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimezidisha kosa, maana katika mafundisho mengi ya Kihindu roho haikuumbwa, na kwa hiyo haina muumba wa kumrejea.

Yafaa tujiulize imekuwaje lugha yetu, iliyokaa na Wahindi karne nyingi, ikose neno la jambo hili. Sultani Majid alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860 aliwakaribisha pia wafanyabiashara wa Kihindi, na wakati wa utawala wa Wajerumani sehemu ya katikati ya mji, baina ya Uzunguni na kule kulikokuja kuitwa Kariakoo, ilijulikana kuwa ni Uhindini. Kutoka kwa watu hao, na kutoka kwa wenzao waliotangulia katika miji ya pwani, Kiswahili kilipata maneno tele: duka, pesa, laki, hundi, bima, gunia, gari, bangili, chapati, na hata bepari, ambalo kwa Kigujarati ni mfanyabiashara tu, wala si mtu wa kulaaniwa mikutanoni. Msomaji akiyatazama maneno hayo ataona kwamba yote ni ya dukani, ya jikoni au ya barabarani. Mteja wa Kiswahili alifika kwenye meza ya duka akanunua, asivuke kuingia ndani wanakosali. Maneno ya rohoni tulikuwa tumekwisha kuyapata kwa Waarabu, pamoja na dini.

Basi tuanze na roho. Kwa Kiarabu neno hili ni jamaa wa neno la upepo, na katika Kiswahili limepanuka mno. Anayekufa hukata roho. Mchoyo ana roho mbaya. Mlafi husemwa ana roho. Na zipo kamusi zinazolieleza kuwa ni koo pia. Wakristo nao wameliweka katika Utatu. Hata hivyo, chini ya matumizi yote ya kidini iko maana moja isiyotikisika: roho ni amana iliyotiwa ndani ya kiumbe na Aliyemuumba, naye ataitwaa. Anayesema roho amekwisha kusema kwamba kuna Muumba na kuna kiumbe, na kwamba hao ni wawili.

Neno la Kisanskriti ni atma. Wataalamu wengi huona kwamba maana yake ya kale ni pumzi, na hapo linafanana na roho. Lakini lina kazi ya pili ambayo roho haina. Katika sarufi ya Kisanskriti neno hilohilo hutumika kumrejea mtenda, kama sisi tusemavyo "mwenyewe". Atma ni ule umimi wa mtu. Hapa mwanasarufi wa Kiswahili atakumbuka mara moja nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na maneno kama "binafsi". Ukiitazama sarufi peke yake, nafsi ndiyo tafsiri bora ya atma, na kwa muda nilifurahi nikidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nilipomwonyesha pendekezo langu mzee mmoja wa Kiislamu anayeijua lugha ya pwani kuliko sisi tuliosoma vyuoni, alitikisa kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "nafsi ndiyo tunayoipiga vita mwezi mzima wa Ramadhani. Utaipandishaje hadi kwa Mungu?" Alikuwa na haki. Katika malezi ya Kiislamu nafsi ni yenye kuamrisha maovu, ndiyo itakayo kushiba na kusifiwa. Kwa Wahindu kitu hicho kina jina lake mbali, nacho ndicho kinachoificha atma isionekane.

Tukiacha nomino tutakuta kwamba mzigo mzito zaidi umebebwa na kitenzi. Katika Chandogya, mojawapo ya maandiko ya Upanishadi, baba anamwagiza mwanawe atie chumvi katika maji, na asubuhi anamtaka airudishe. Kijana haioni. Anaonja juu, katikati na chini, na kote ni chumvi. Hivyo ndivyo asili ya vyote ilivyomo katika vyote, na katika kijana mwenyewe. Mfano huu unaeleweka na kila mtu anayeishi karibu na bahari, lakini wanazuoni wa India hawakukubaliana juu ya maana yake. Shankara, ambaye wengi humweka katika karne ya 8, alifundisha kwamba atma na Brahman, yaani uhalisi wa mwisho, havikuwa viwili hata siku moja. Kwa mafundisho yake hatuwezi kusema atma "huungana" na Mungu, kwani kiambishi -an- chataka pande mbili. Kitenzi chake ni kutambua. Ramanuja, aliyefuata katika karne za 11 na 12, alisema nafsi zote ni kama mwili, na Mungu ndiye mwenye mwili huo. Kitenzi chake ni kukaa ndani, au kutegemea. Madhva, wa karne ya 13, alishikilia kwamba Mungu na nafsi ni mbali na watabaki mbali milele; chake ni kutumikia.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Mtu akitoka Magogoni kwa miguu atafika Mtaa wa Kisutu, penye mahekalu ya Kihindu, kabla ya jasho kumkauka. Wafuasi wa Swaminarayan, mwalimu aliyeishi tangu 1781 hadi 1830, huhesabu vitu vitano vya milele, na nafsi hubaki nafsi hata baada ya kukombolewa. Wafuasi wa Arya Samaj, chama kilichoasisiwa Bombay mwaka 1875, huhesabu vitatu: Mungu, nafsi na maada, tena hawasujudii sanamu. Mfasiri akiandika kijitabu kwamba "Wahindu huamini roho huungana na Mungu", atakuwa amewakosea majirani wawili kwa sentensi moja.

Nimetafuta kama kuna waliotutangulia katika taabu hii, nikawakuta si mbali. Makhoja Waismailia, ambao nao mtaani huitwa Wahindi tu, wana tenzi za ibada ziitwazo ginani, jina litokanalo na neno la Kisanskriti lenye maana ya maarifa. Walimu wao, akiwamo Pir Sadruddin, walihubiri Sindi na Gujarati kwa maneno waliyoyakuta kwa wenyeji, na hivyo jiva la Kihindu likaimbwa katika nyumba moja na ruhu la Kiarabu. Hawakulifukuza neno lolote. Waliliachia lile la kigeni lijifunze kukaa.

Desturi ya kazi yetu ni kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na kukopa mwisho. Kwa maoni yangu hapa tumefika mwisho. Napendekeza atma iandikwe hivyo, katika ngeli ya i-/zi-, na nafsi itumike katika maelezo yake. Najua kwamba msikilizaji wa redio atasikia "hatma", na mshairi atakumbuka "mtima". Hilo la pili halinisumbui. Moksha nayo naona ibaki ilivyo: wokovu ni wa Wakristo, na ukombozi, katika mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika hadi 1994, una harufu ya baruti. Shina la moksha ni kufungua kilichofungwa, kwa hiyo "kufunguliwa" lifae katika ufafanuzi. Gumu zaidi ni kumtenga Brahma, mungu wa uumbaji, na Brahman, na kuhani aitwaye Brahmini; hilo bado limo katika jalada langu.

Karani wa Magogoni hakuweza kungoja jalada. Alipofiwa tena na mwenzake Mhindu aliandika: "Tunamwombea marehemu safari njema, afunguliwe kila kilichomfunga." Aliniletea nisome kabla ya kupiga chapa. Sikubadili neno.