Beriberi ya Mogadishu

Watu wengi hapa Malindi wakisikia ganzi ya miguu hukimbilia duka la dawa, wakameza thiamini, yaani vitamini B1, kama peremende. Mimi nikiviona vile vidonge huwakumbuka wanajeshi.

Aprili 2009, wanajeshi wa Umoja wa Afrika kule Mogadishu walianza kuvimba miguu, pumzi zikawakata, moyo mbio. Hadi Mei 2010 walikuwa wameugua 241, wanne wakafa. Zaidi ya hamsini walipelekwa kwa ndege hospitali za Kenya na Uganda. Madaktari walisaka sumu, wakasaka viini: patupu. Kumbe ni beriberi, ile iliyowaua mabaharia wa Japani karne ya 19 kwa wali mweupe mtupu! Walioelekea kuugua ni waliokula chakula cha jeshi peke yake. Aliyekula pia vya wenyeji alikuwa na afadhali. Walipopewa thiamini, walipona haraka ajabu.

Wali wetu wa nazi nao ni mweupe. Nyanya zetu waliutwanga mpunga kwenye kinu, pumba nyingine ikabaki na vitamini yake. Mashine huikwangua yote. Sisi tunaokolewa na mbaazi za asubuhi.

Mtu mzima huhitaji kama miligramu 1.2 kwa siku. Kidonge mara nyingi kina 100, na ziada hutoka na mkojo. Lakini soma pakiti: vya B mchanganyiko vina B6, ambayo ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi ileile. Mnywaji wa mnazi wa kila siku, utumbo wake huifyonza thiamini kwa shida. Huyo, na yeyote anayevimba miguu na kuhema, aende hospitali kwanza.