Uongo wa kupindukia: mambo ya kujua na namna ya kusaidia

Karibu kila mtu husema uongo wakati fulani, ili kukwepa aibu au kupata faida. Uongo wa kupindukia ni tofauti. Mtu hudanganya mara kwa mara kwa miaka, mara nyingi bila faida inayoonekana, hata pale uongo unapomgharimu kazi, ndoa au marafiki.

Je, ni ugonjwa?

Daktari Anton Delbrück aliielezea hali hii mwaka 1891. Hata hivyo, haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11. Inaweza kuambatana na matatizo mengine ya akili.

Usiichanganye na hali hizi

- Imani potofu: mgonjwa anaamini kabisa anachosema, hata akionyeshwa ushahidi.
- Matatizo ya kumbukumbu: baada ya jeraha la ubongo au ulevi wa muda mrefu, mtu anaweza kujaza mapengo ya kumbukumbu bila kukusudia kudanganya.
- Kujifanya mgonjwa: mtu anatafuta faida iliyo wazi, kama vile fidia.

Kwa nini matibabu ni magumu?

Daktari wa akili hutegemea sana maelezo ya mgonjwa. Yakiwa ya uongo, mgonjwa anaweza kupewa dawa asizohitaji au kukosa anazohitaji. Hatari nyingine ni kwamba mtu akishajulikana kuwa mwongo, hasikilizwi hata anaposema kweli. Akitaja kujiua, usiseme "ndiyo kawaida yake." Usimwache peke yake, mpeleke hospitali mara moja.

Ufanye nini?

- Usimuumbue mbele za watu. Zungumza naye faraghani, kwa utulivu.
- Usibishane juu ya kila hadithi. Weka mipaka, hasa ya fedha.
- Msindikize kliniki. Akiridhia, mweleze mhudumu unayoyajua.

Hakuna dawa maalumu ya kuondoa uongo. Tiba ya mazungumzo inaweza kusaidia, pamoja na kutibu tatizo lingine lililopo, kama sonona au uraibu. Mabadiliko huchukua muda.

Kama ni wewe

Huhitaji kukiri yote kwa siku moja. Anza kwa kumwambia mhudumu: "Huwa nasema uongo hata nisipokusudia." Sentensi hiyo moja inampa pa kuanzia.